Pikapu ya hoti rodi kwa hela kidogo: dalili zake, vyanzo vyake na pa kuanza kupima

Pikapu yangu ya hoti rodi, yaani gari kuukuu lililowekewa injini yenye nguvu zaidi, ni Toyota Hilux ya mwaka 1981, kebini moja. Niliikuta shambani upande wa Masaka ikiwa juu ya matofali, kuku wanatagia kwenye bodi ya nyuma. Injini iliyomo sasa ni 1G-FE, silinda 6 za mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo (cc) 1,988, pamoja na giaboksi yake ya otomatiki. Vyote viwili vilitoka kwenye Mark II iliyogongwa kwa nyuma. Difu ni ya Hilux ileile, rejeta ni ya gari la tatu, viti vya gari la nne. Gari la namna hii halina kitabu cha mwongozo. Likiugua, huwezi kumpigia mtu simu akakwambia "la kwangu nalo lilifanya hivyo," kwa sababu la namna hiyo ni hilo moja tu.

Kuna jambo ambalo ningelijua mapema lingeniokolea pesa nyingi: kwenye gari la kuunganisha, ugonjwa haukai kwenye spea, unakaa kwenye kiungo. Injini ya Mark II ilikuwa nzima kabla haijang'olewa. Difu ya Hilux ilikuwa inavuta matoke miaka na miaka. Kinachosumbua ni pale viwili hivyo vinapokutana: waya wa zamani na waya wa kisasa, propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu) iliyokatwa, bomba lililokunjwa ili lipite, mauntini (kishikio cha injini) iliyochomelewa kwa kukadiria kwa macho. Mimi nilinunua stata mbili, pampu ya maji na krosi mpya (viungo vya kukunjika) za propela kabla hilo halijaniingia akilini. Zile nilizozitoa zote zilikuwa nzima.

Kwa hiyo humu kila dalili nitaianzia kwenye kiungo. Ukishapima ukaona kiungo ni kizima, hapo ndipo uende dukani. Vifaa vyenyewe ni vichache: mita ya umeme (ile ya bei nafuu haifiki bei ya lita 10 za petroli), pimamaji, uzi, chaki na futi ya kupimia.

Jina hoti rodi limetoka Marekani. Vijana wa California ya kusini, miaka ya 1930, walichukua Ford kuukuu, wakang'oa madigadi na kila kilichokuwa uzito wa bure, wakaiongezea injini nguvu, kisha wakaenda kushindana kwenye maziwa yaliyokauka kama Muroc. Waliipenda zaidi Ford ya mwaka 1932, kwa kuwa ndiyo iliyoleta injini ya V8 kwa bei ya mtu wa kawaida. Mwaka 1937 vilabu vyao vikaungana kuwa chama cha SCTA (Southern California Timing Association). Ninawataja kwa sababu wengi wao hawakuwa na pesa, na spea zao zilitoka kwenye magari yaliyotupwa. Sisi tunafuata njia ileile, ila yetu inapita Kisekka, Ndeeba na Katwe, mitaa ya spea na mafundi ya Kampala.

Jambo moja la karatasi kabla ya spana. Tangu sheria ya mwaka 2018, gari lenye miaka 15 au zaidi haliingizwi Uganda, kwa hiyo pikapu ya zamani utaipata humuhumu nchini, mara nyingi kwa mtu ambaye kadi ya gari ameiweka chini ya godoro tangu baba yake yu hai. Linganisha namba ya chesi iliyogongwa kwenye chuma na ile ya kwenye kadi kabla hujatoa shilingi. Ukibadilisha injini au rangi, kadi nayo irekebishwe. Na grinda isipite kabisa karibu na ile namba.

Stata inazunguka kwa uvivu, hasa injini ikiwa ya moto

Hii ndiyo iliyonila zaidi. Asubuhi pikapu inawaka mara moja. Ukiiendesha hadi Mukono, ukazima, ukitaka kuwasha tena stata inajikokota kama betri imekwisha. Betri ilikuwa mpya. Nikabadilisha stata. Ikawa vilevile. Nikabadilisha tena.

Siku ya tatu nilikuwa nimeinama kwenye boneti, rafiki yangu anapiga stata, mkono wangu ukagusa waya wa aksilereta. Ulikuwa wa moto kama sufuria. Waya wa kuvuta kwa mguu, ambao hauna kazi yoyote na umeme, ulikuwa unachemka.

Maana yake ni hii. Umeme wa stata hutoka betri chanya, hupita kwenye stata, kisha ni lazima urudi betri hasi. Injini imekaa juu ya mauntini za raba, na raba haipitishi umeme. Mark II ilikuwa na waya wa ethi (wa kurudishia umeme) kutoka kwenye injini kwenda bodi, lakini ulibaki kwenye mzoga wa gari lile, na mimi sikuukumbuka. Umeme ukatafuta njia yoyote ya kurudi, ukaipata kwenye waya wa aksilereta.

Pima hivi. Weka mita kwenye volti 20 za DC. Ncha moja iguse chuma kitupu cha bloku ya injini, nyingine iguse nguzo hasi ya betri yenyewe, si klipu yake. Mtu apige stata. Ukisoma chini ya volti 0.2 au 0.3, ethi ni nzuri. Yangu ilisoma karibu 2. Upande wa chanya nao pima vivyo hivyo, kutoka nguzo ya betri hadi boliti ya stata. Ukizidi nusu volti, kuna kiungo kibovu njiani.

Tiba ni waya tatu nene: betri hasi kwenda bloku, bloku kwenda chesi, chesi kwenda kebini. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, funga kwa washa yenye meno, kisha paka grisi juu ili mvua isirudishe kutu. Waya hizo zilinigharimu chini ya robo ya bei ya stata moja.

Ethi mbaya ina sura nyingi, na hapo ndipo inapodanganya watu. Geji ya joto inapanda ukiwasha taa. Indiketa inapepesa pamoja na taa ya breki. Injini yenye kompyuta inapata misi (silinda inakosa kuwaka) ambayo haifuati plagi yoyote. Ukiona vitu viwili visivyohusiana vinaugua kwa pamoja, nenda kwenye ethi kabla ya kitu kingine chochote.

Ikiwa stata iko kimya kabisa, hata mlio wa "tak" hausikiki, na giaboksi ni otomatiki, sogeza mkono wa gia kutoka P (kuegesha) hadi N (nyutro) ujaribu tena. Ikiwaka kwenye N na kukataa kwenye P, swichi ya pembeni mwa giaboksi imehama au mkono wa gia haujafungwa mahali pake. Inarekebishwa kwa boliti mbili.

Inachemsha

Kwanza jibu swali moja: inachemsha lini?

Ikichemsha kwenye foleni tu, na kupoa ukishapata barabara, shida ni upepo wa feni. Injini ya silinda 6 ni ndefu, na kwenye Hilux inaisogelea rejeta mpaka feni yake ya asili haina nafasi. Wengi tunaing'oa na kuweka feni ya umeme. Hapo kuna makosa mawili yanayojirudia. La kwanza, feni inazunguka kinyume kwa sababu waya zimegeuzwa, au ni feni ya kusukuma iliyowekwa upande wa kuvuta. Weka karatasi mbele ya rejeta feni ikizunguka: karatasi inatakiwa ing'ang'anie rejeta. Ikirushwa, umepata jibu. La pili, feni haina kava, kwa hiyo inavuta upepo kupitia duara lake tu na sehemu kubwa ya rejeta haifanyi kazi. Kata bati jembamba, tengeneza kava linaloziba kingo zote, na weka sponji ngumu pale penye mwanya.

Ikipoa kwenye foleni na kuchemsha ukikimbia, angalia rejeta iliyoziba ndani na hosi ya chini. Pampu huvuta maji kupitia hosi ya chini, na hosi laini hunyonywa ikashikana kuta. Injini ikiwa imesimama inaonekana nzima. Mtu akanyage aksilereta huku wewe ukiiangalia: ikijikunja, itupe.

Ikichemsha wakati wowote, shuku hewa iliyonaswa. Kwenye magari ya kuunganisha mdomo wa rejeta mara nyingi uko chini kuliko kichwa cha injini, na hewa hupanda ikakaa juu, mahali hasa panapohitaji maji. Kampala ina faida yake hapa: pandisha pua ya gari kwenye mlima, fungua mfuniko injini ikiwa baridi, washa, jaza polepole hadi mapovu yaishe. Mapovu yasipoisha kabisa, yakaendelea kama uji unaochemka hata injini ikiwa bado baridi, hapo ni gaskiti ya silinda hedi, na hiyo ni kazi nyingine. Mfuniko wa rejeta ya moto usiufungue hata kwa kitambaa. Nimewaona watu walioungua uso.

Mfuniko wenyewe si kitu cha kudharau. Kwenye mwinuko wa Kampala, kama mita 1,200 juu ya bahari, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Mfuniko wa presha ya 0.9 ya baa ukishika sawasawa unapandisha kiwango hicho kuvuka nyuzi 110. Uliochoka unakurudisha kwenye 96, na injini nzima inatema maji huku geji ikisema hali ni ya kawaida tu.

Na thamostati. Mafundi wengi huing'oa siku ya kwanza, wanasema nchi hii ni ya joto. Siwaungi mkono hata kidogo. Kwenye injini nyingi za Toyota, thamostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na unapata hasa kile ulichokuwa unakikimbia. Kisha alfajiri, kwenye mteremko mrefu, injini inakimbia ikiwa baridi na kula mafuta. Weka mpya. Ijaribu kwanza kwenye sufuria ya maji ya moto uone inafunguka.

Otomatiki inateleza ikishapata moto

Gia zinaingia vizuri asubuhi, lakini baada ya saa moja injini inapanda mlio na gari haliongezi mwendo. Kabla hujaambiwa giaboksi imekufa, jiulize oili yake inapozwa wapi. Kwenye Mark II mabomba mawili hutoka kwenye giaboksi na kuingia kwenye tangi la chini la rejeta. Rejeta yangu ilikuwa ya gari la gia za mkono, haina matundu hayo, na fundi aliunganisha mabomba mawili kwa hosi moja, oili ikarudi ya moto kama ilivyotoka. Ilibadilika rangi kutoka nyekundu hadi kahawia ndani ya miezi michache, na ikanuka kama mkaa wa jana. Nilipata kipozeo kidogo cha pembeni kutoka gari lililokatwa Ndeeba, nikakifunga mbele ya rejeta, nikabadilisha oili. Kuteleza kukaisha. Oili hiyo pima injini ikiwaka, ikiwa ya moto, gia ikiwa P.

Kama giaboksi yako ina waya unaotoka kwenye throto (mlango wa hewa wa injini), nao ni kiungo. Ukilegea, gia hubadilika kwa ulaini mtamu kabisa, na ulaini huo ndio unaounguza klachi za ndani.

Inatetemeka kuanzia kilomita 70

Usinunue krosi bado. Gari likiwa limesimama, pandisha injini hadi mzunguko uleule unaotetemesha. Ikitetemeka hapohapo, ni injini au mauntini. Isipotetemeka, nenda barabara iliyonyooka isiyo na watu, fikia mwendo huo, weka N kwa sekunde chache. Mtetemo ukiendelea, uko kwenye kitu kinachozunguka na magurudumu: tairi, rimu au propela. Ukikoma ukiachia aksilereta na kurudi ukikanyaga, ni pembe za propela. Na kama mtetemo unausikia mikononi kwenye usukani kuliko kwenye kiti, anza na tairi za mbele.

Propela ya gari la kuunganisha karibu kila mara imekatwa. Fundi kereza huitoa kwenye mashine, huipunguza urefu, huichomelea tena. Mambo mawili yanaweza kwenda kombo, na yote unaweza kuyapima sakafuni.

La kwanza ni masikio ya krosi. Uma wa mbele na uma wa nyuma lazima yakae kwenye mstari mmoja. Krosi inapozunguka ikiwa imekunjwa, haizungushi kwa mwendo ulio sawa: inakaza na kulegea mara mbili kila mzunguko. Krosi ya pili inafuta kosa la ya kwanza, lakini endapo tu masikio yamelingana. Laza propela juu ya vipande viwili vya mbao, weka pimamaji kwenye masikio ya mbele mpaka povu likae katikati, kisha hamisha pimamaji nyuma bila kuigusa propela. Yangu povu lilikimbia upande mzima. Niliirudisha Katwe, na fundi alipoliona mwenyewe hakubishana. "Leta chaki," alisema, akapiga mstari mmoja mweupe kutoka mwisho hadi mwisho kabla ya kukata. Tangu siku ile napiga mstari huo kabla propela haijaondoka kwangu.

La pili ni pembe. Shafti inayotoka kwenye giaboksi na pinioni ya difu (gia ndogo inayopokea propela) zinatakiwa kuwa sambamba, tofauti isizidi nyuzi 1 hivi. Giaboksi ikiinamia nyuma nyuzi 4, pinioni iinuke nyuzi 4. Tunaposhusha pikapu kwa kuhamisha ekseli kutoka chini ya springi kwenda juu yake, tunachomelea vikalio vipya vya springi kwenye ekseli, na hapo ndipo pembe inapopotea. Vibandike kwa nukta mbili tu za kuchomelea, shusha gari likae kwa tairi zake na uzito wake wote, pima kwa simu au pimamaji ya nyuzi, sahihisha, ndipo umalizie. Ukipima gari likiwa kwenye jeki umepima kitu kingine kabisa. Kama umeshachomelea na kosa ni dogo, kabari za chuma kati ya springi na kikalio zinatosha.

Ukishusha kiasi hicho, ekseli itagonga chesi kwenye shimo. Chesi ikatwe mkato wa nusu duara juu ya ekseli na kuimarishwa kwa bamba. Kazi hiyo usimpe anayejifunza.

Usukani unavuta kila unapogonga shimo

Hii hutokea baada ya kushusha pua. Tai rodi (fimbo inayogeuza gurudumu) na mkono wa chini wa saspensheni vilikuwa vinapanda na kushuka pamoja. Sasa kimoja kina pembe tofauti, na kila gurudumu linapopanda linajigeuza kidogo. Funga uzi pembeni mwa tairi, pima umbali kati ya tairi mbili kwa mbele na kwa nyuma, kwenye kimo cha ekseli. Mbele pawe pafupi kwa milimita 0 hadi 3. Kisha watu wawili wazito wakae kwenye boneti, pima tena. Kipimo kikibadilika sana, umeshusha kupita kiasi, pandisha kidogo. Mimi nilirudisha sentimita 2 na gari likatulia. Linapendeza pungufu kidogo, lakini mke wangu sasa anakubali kupanda.

Breki

Hapa ndipo pesa isipobanwa hata kidogo. Punguza rangi, punguza rimu, punguza redio.

Pedeli ikienda chini mara ya kwanza na kuja juu mara ya pili, viatu vya drumu za nyuma viko mbali; virekebishe kabla ya kutoa upepo. Ikiwa laini kama sponji, kuna upepo. Ikishuka polepole huku umeishikilia kwa mguu, masta silinda (pampu kuu ya breki) inavuja ndani kwa ndani, ingawa nje hakuna tone. Ikiwa ngumu kama jiwe na gari halisimami, angalia busta (kisaidizi cha kukanyaga breki): zima injini, kanyaga mara nne au tano, shikilia, washa. Pedeli lazima izame kidogo. Isipozama, busta haipati mvuto wa injini, au vali ya njia moja kwenye hosi yake imewekwa kinyume.

Wanaopenda sura safi ya boneti huhamishia masta silinda chini ya sakafu. Ikikaa chini kuliko silinda za magurudumu, mafuta hurudi yenyewe na pedeli hushuka kila asubuhi. Panahitajika vali ndogo ya kubakiza presha, 2 psi kwa diski na 10 psi kwa drumu.

Sasa kosa ambalo sijasikia mtu akilieleza vya kutosha. Pikapu nyingi za Toyota zina vali nyuma, imeunganishwa na ekseli kwa fimbo. Ukipakia mzigo, chesi inashuka, fimbo inasogea, na vali inaruhusu breki zaidi kwa magurudumu ya nyuma. Ukiishusha pikapu sentimita 10, vali inadhani daima umebeba mzigo. Bodi iko tupu, nyepesi, na kila ukikanyaga kwa nguvu nyuma inafunga kwanza na gari linataka kugeuka. Mimi nilifikiria tairi, nikafikiria drumu. Ilinitokea kwenye mteremko, mvua imenyesha, na nilimaliza nikiwa nimeangalia nilikotoka, lori la miwa likiwa limesimama hatua chache mbele yangu. Fimbo ile ishushwe kiasi kilekile ulichoshusha gari. Kisha jaribu kwenye uwanja mtupu: ya mbele lazima ifunge kwanza.

Bomba la shaba laini usilikubali, hata fundi akikuapia. Shaba huchoka kwa mtetemo ikapasuka. Tumia bomba la chuma la breki, mdomo wake ukunjwe mara mbili. Na usiruhusu raba za breki zisafishwe kwa petroli wala oili ya injini. Zinavimba na breki zinabaki zimeshika.

Injini inazimika baada ya nusu saa, kisha inawaka tena

Fungua mfuniko wa tangi mara tu inapozimika. Ukisikia "ffffs" ya hewa inayoingia, tundu la kupumulia limeziba na pampu ilikuwa inavuta dhidi ya ombwe. Usiposikia kitu, toa filta, ipulizie: tangi la mwaka 1981 limejaa kutu, na filta moja haitoshi mwanzoni. Ikizimika kwenye kona tu, tangi likiwa karibu kwisha, ni kwa sababu tangi la kabureta halina kikombe cha kushikilia mafuta karibu na pampu. Pampu ya kabureta ilihitaji presha ya 0.2 au 0.3 ya baa. Injini yenye sindano za kupulizia petroli inataka 2.5 hadi 3. Ndiyo maana hosi za zamani hazifai: zitapasuka, na petroli itamwagika juu ya ekzosi. Weka hosi za presha, klipu zake, bomba la kurudishia, na kizimamoto ndani ya kebini.

Mshono unapasuka

Mzee anayenichomelea ametoka Bukavu, na maneno yake ni machache. Nilimwonyesha mauntini niliyoichomelea mwenyewe usiku, kila gereji ya jirani ikiwa imewasha mashine na umeme umeshuka. Alipitisha kidole juu ya mshono. "Papa, hii haijashika. Imelala tu juu." Akaipiga nyundo mara moja ikatoka nzima, na chini yake chuma kilikuwa bado na rangi yake.

Mshono ulioshika una kingo zinazozama ndani ya chuma. Ulioinuka kama mnyoo juu ya bati umepata moto mdogo. Chomelea asubuhi umeme ukiwa na nguvu, kausha elektrodi hasa msimu wa mvua, na ng'arisha chuma pande zote. Kwenye chesi bamba la kuongezea likatwe mfano wa almasi, ncha zielekee mbele na nyuma. Mshono uliokatiza chesi kutoka juu hadi chini ndipo inapokatikia. Na kabla ya kuchomelea toa klipu za betri, uchomoe kompyuta ya injini.

Harufu ya moshi kebini haihitaji maelezo marefu: ziba kila tundu la zamani la waya na mkono wa gia kwenye sakafu, na bomba la ekzosi litoke nje ya bodi, si chini yake. Moshi huo unaua bila kunuka sana.

Ukishamaliza yote, nunua kikopo kidogo cha rangi nyeupe. Kila boliti uliyoifunga wewe, ya mauntini, ya propela, yuboliti (boliti za umbo la U) za springi, ipige mstari mwembamba unaovuka kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma. Endesha kilomita 100, ingia chini ya gari na tochi. Mstari uliokatika ni nati iliyozunguka. Mara ya kwanza kwangu ilikatika mitatu, yote kwenye yuboliti za kushoto.